Aya Uliyoiruka

(Hotuba kwa vijana wa makanisa mbalimbali, Mbeya. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema. Nimeondoa marudio, na vichekesho ambavyo havikumchekesha mtu.)

Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Kamwene kwa waliotoka Iringa na Njombe, ugonile kwa watani zangu wa Tukuyu na Kyela. Wazee shikamooni. Wachungaji, padre, watumishi wote mlioketi hapa mbele, itifaki imezingatiwa.

Kabla sijafungua kinywa, mada yenyewe ilikwisha kuanza bila mimi. Waandaaji walipanga tukutane Jumamosi asubuhi. Ndugu zetu Wasabato wakasema hapana, siku hiyo ni ya ibada. Ikapendekezwa Jumapili asubuhi, wengine wote wakasema hapana, siku hiyo ni ya ibada. Ndiyo maana tuko hapa Jumapili saa tisa alasiri, wengine mmetoka ibadani hata chakula hamjala, na baridi ya Mbeya inaanza kushuka. Amri ni moja, iko Kutoka 20, kila mmoja hapa anaijua kwa moyo, na imetugharimu wiki nzima ya simu kupata saa moja na nusu ya kukaa pamoja. Kwa hiyo asije mtu akasema tofauti za tafsiri ni mambo ya wasomi wa vyuo. Zimo kwenye ratiba zetu.

Niliombwa nieleze kwa nini Biblia ni moja na wasomaji wake tuko vipande vipande. Mimi ni mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, Mmoravian wa kuzaliwa. Sikuja kuwapatanisha. Mkutano wa namna hii una kishawishi cha kusema sote tunasema kitu kimoja kwa maneno tofauti, tupigiane makofi, twende nyumbani. Hatusemi kitu kimoja. Anayembatiza mtoto wa wiki sita na anayesema ubatizo ule haukuwa ubatizo hawasemi kitu kimoja, na heshima inataka tukiri hivyo.

Hata lile la kwamba Biblia ni moja lina mushkeli. Waprotestanti wanahesabu vitabu 66, Wakatoliki 73, na Kanisa la Orthodox la Ethiopia 81. Hilo nalipita haraka, maana sijaona ugomvi mkubwa hapa kwetu uliotokana na Tobiti au Yuditi. Magomvi yetu yako ndani ya vitabu ambavyo sote tunavyo.

Fungueni Luka 15, mwana mpotevu. Mnaijua, lakini fungueni.

Kuna mwalimu wa Agano Jipya wa Marekani, Mluteri, anaitwa Mark Allan Powell. Aliwapa wanafunzi wake kazi rahisi: soma habari hii, funga kitabu, msimulie mwenzako. Akawasikiliza Wamarekani 100. Wote walisimulia kijana alivyotapanya mali kwa anasa. Waliokumbuka kwamba njaa kuu iliingia nchi ile walikuwa 6. Baadaye akafanya kazi ile ile Urusi, mji wa St. Petersburg, na watu 50. Waliotaja njaa walikuwa 42, na wengi wao habari ya kutapanya wakaiacha kabisa. Ajabu hiyo inaeleweka ukikumbuka kwamba mji ule, enzi hizo ukiitwa Leningrad, ulizingirwa na majeshi ya Ujerumani kuanzia mwaka 1941 mpaka 1944, na watu wakafa kwa njaa kwa malaki. Hao aliowauliza ni wakazi wa mji ule, mji wenye watoto na wajukuu wa walionusurika. Kwao huwezi kusoma neno njaa ukalipita kama koma.

Sasa sikilizeni hili, maana linatuhusu. Powell alikuja Tanzania. Akawauliza wanafunzi wa theolojia wa hapa nchini kwetu: kwa nini kijana yule aliishia kwenye njaa? Alitegemea kusikia anasa, au ukame. Wengi wakamjibu: kwa sababu hakuna mtu aliyempa chakula.

Tazama mwisho wa aya ya 16: "wala hapana mtu aliyempa kitu." Ipo. Haikuongezwa na Mtanzania yeyote. Mmarekani aliisoma ikampita, Mrusi akaisoma ikampita, sisi ikatukaa kooni. Maana kwetu kijana kuharibu fedha ni upumbavu wa ujana, kila ukoo unaye mmoja, wengine wako humu ndani. Ukame nao ni ukame. Lakini mgeni kufika kijijini, kuonekana anatamani maganda ya nguruwe, na wenye nyumba zao wakala wakalala? Hiyo ni aibu ya nchi nzima. Na ukiisoma hivyo, nyumba ya baba mwishoni inabadilika. Haiwi tu mahali pa kusamehe mkosefu. Inakuwa mahali ambapo mtu hapiti mlangoni akiwa na njaa. Kumbuka pia ni nani wanaosimuliwa habari hii: Mafarisayo walionung'unika mwanzoni mwa sura kwamba Yesu anawakaribisha wenye dhambi na kula nao. Kula nao! Sura inaanza kwa chakula na inaishia kwa ndama aliyenona. Wanafunzi wale wa Tanzania walishika uzi ambao profesa mwenyewe ulikuwa umemponyoka.

Linaloniumiza ni kwamba ukisimama Mwanjelwa jioni, pale mhubiri anapofunga spika juu ya gari, ukisikiliza mahubiri ya mwana mpotevu, utasikia jibu la Kimarekani. Baa, muziki, wanawake, kijana kaharibika, rudi kwa Baba. Ni sahihi, limo. Lakini tumewaachia wengine macho yetu. Sijasikia mhubiri wa mtaani akiwageukia wenye maduka na kuuliza: kijana huyu alipokaa hapa mlangoni pako na njaa, ulimpa nini?

Hiyo ndiyo aina ya kwanza ya tofauti, na mimi naipenda. Watu watatu wanatazama ukurasa mmoja, kila mmoja anaona kitu kilichopo kweli. Hapa kukaa pamoja kunalipa, kwa sababu mwenzako anakuonyesha aya uliyoiruka.

Mfano mwingine mfupi, wa kwetu zaidi. Marko 4, mpanzi. Niliwahi kufundisha sura hii kwa vijana waliosomea kilimo, wanaojua mahindi yanapandwa kwa kamba, sentimita 75 kati ya mstari na mstari. Wakacheka. Mkulima gani huyu anapanda njiani, penye miamba, penye miiba? Wakasema huu ni mfano wa uzembe, bwana shamba asingemwacha. Mama mmoja mtu mzima kutoka upande wa Ileje, amekaa nyuma, akasema: ninyi hamjawahi kupanda ulezi. Ulezi unamwagwa kwa mkono. Unatembea unarusha, nyingine zinaangukia njiani, ndege wanazidonoa mbele ya macho yako, na huachi kurusha kwa sababu ya ndege. Kisha akasema kitu ambacho kwenye vitabu vyangu sikuwa nimekikuta: mpanzi hajakasirika mahali popote katika habari hii. Tulipekua. Kweli, hajakasirika. Anayesikia anapewa onyo. Anayepanda anaendelea kupanda. Mama yule elimu yake ni darasa la saba.

Tuje kwenye aina ya pili, ambayo ni ngumu. Hapa wote wameziona aya zote. Kinachobishaniwa ni aya ipi ishike usukani na ipi ikae kiti cha abiria.

Msabato anaweka mbele amri ya nne, iliyoandikwa kwa kidole cha Mungu juu ya jiwe, na anapofika Wakolosai 2:16, "mtu asiwahukumu ninyi... au sabato," anasema hizo ni sabato za sikukuu za Kiyahudi, si ya juma. Sisi wa Jumapili tunaweka mbele ufufuo, siku ya kwanza ya juma, Matendo 20:7, na amri ya nne tunaisoma kupitia hapo. Nani kairuka aya? Hakuna. Kila mmoja anayo, ila kaipanga mahali pake. Na ubatizo ni hivyo hivyo. Mpentekoste anaanza na Marko 16:16, aaminiye na kubatizwa, imani kwanza, na mtoto mchanga haamini. Mluteri, Mmoravian, Mkatoliki na Mwanglikana wanaanza na nyumba ya mlinzi wa gereza, Matendo 16, aliyebatizwa yeye na watu wake wote usiku ule ule, na ahadi ya Matendo 2:39 kwamba ni kwa ajili yenu na kwa watoto wenu. Mpentekoste anauliza: wapi imeandikwa kwamba palikuwa na mtoto mchanga? Mluteri anauliza: wapi imeandikwa kwamba hapakuwapo? Wote wawili wanajenga juu ya kitu ambacho Luka hakukisema. (Na mimi nawapa heshima ya pekee ndugu wanaobatizwa kwa maji mengi katika mito ya Mbeya mwezi wa Julai. Hiyo nayo ni imani.)

Mkidhani ni udhaifu wetu sisi tuliopokea Injili juzi, nendeni Marburg, Ujerumani, mwaka 1529. Luther na Zwingli walikaa meza moja, viongozi wawili wa Matengenezo ya Kanisa, wenye adui mmoja na kila sababu ya kuungana. Luther akaandika kwa chaki mezani maneno ya Yesu, "Huu ndio mwili wangu," kwa Kilatini, na kila Zwingli alipotoa hoja akarudi kwenye chaki yake. Zwingli naye akashikilia Yohana 6:63, roho ndiyo itiayo uzima, mwili haufai kitu. Waliandika mambo kumi na tano. Kumi na manne wakakubaliana, la kumi na tano, la Meza ya Bwana, likawatenga. Wote wawili walikuwa mabingwa wa maandiko. Usomi hauondoi aina hii ya tofauti, ila unaieleza vizuri zaidi.

Na sisi hapa Nyanda za Juu Kusini tuna sababu ya kuwa wanyenyekevu zaidi kuhusu tafsiri zetu, kwa sababu nyingi hatukuzichagua. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891. Wa Berlin, ambao kazi yao leo imo ndani ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, KKKT, waliingia Unyakyusa mwaka huo huo. Wakagawana nchi: Moravian upande wa magharibi, Berlin mashariki. Kwa hiyo babu yangu hakukaa chini akapima theolojia ya Herrnhut, kitovu cha Wamoravian kule Ujerumani, na ya Berlin. Alizaliwa upande fulani wa mpaka uliochorwa na wageni. Angezaliwa mwendo wa siku moja upande wa pili, leo ningewasimamia hapa kama Mluteri, na ningekuwa na uhakika ule ule. Ninyi wa Iringa mliokulia karibu na Tosamaganga mnajua ninachosema, ninyi mna uhakika wa Kikatoliki.

Lakini historia hiyo ina sura moja ambayo hatuisimulii vijana, nayo ni ya ndoa.

Injili ilipofika Rungwe, ilikuta waume wenye wake wengi. Sharti la misheni likawa: abaki na mke mmoja, ndipo abatizwe. Msingi wao upo, hamwezi kuwalaumu kwamba waliutunga: Mwanzo 2, wawili watakuwa mwili mmoja, na Paulo kwa Timotheo, askofu awe mume wa mke mmoja. Watu wetu wakajifunza kusoma. Na tatizo la kumfundisha mtu kusoma ni kwamba atasoma na kurasa ambazo hukumwonyesha. Wakamkuta Ibrahimu. Wakamkuta Yakobo mwenye wake wawili na vijakazi wawili, ambaye makabila kumi na mawili ya Israeli yametoka kwake. Wakamkuta Daudi. Miaka ya 1930 kukawa na makanisa ya Waafrika yaliyovuka kutoka Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, likiwemo African National Church, yakawapokea watu wa namna hiyo mezani pamoja na wake zao. Misheni ikawaona wapotoshaji. Wao wakajiona wasomaji.

Mimi ni mume wa mke mmoja na naamini ndivyo Injili inavyotaka, msitoke hapa mkinisingizia. Ila nataka tuangalie kwa karibu nani alilipa. Mwanamume alibatizwa, akapewa jina jipya, akaketi kanisani. Mke wa pili na wa tatu, waliokuwa wameolewa kwa ng'ombe na kwa ridhaa ya wazazi, wenye watoto, wakarudishwa kwao. Kosa lao lilikuwa nini? Wamisionari walimweka mbele Paulo. Wazee wa upande wa pili wakamweka mbele Ibrahimu. Aya ambayo sijasikia ikitajwa na upande wowote ni Kutoka 21:10, inayosema mtu akijitwalia mke mwingine, yule wa kwanza asipunguziwe chakula chake, wala nguo zake, wala haki yake ya ndoa. Torati ilimwona mwanamke yule. Wanaume waliobishana juu yake hawakumwona. Ilichukua mpaka mwaka 1988 ndipo maaskofu wa Kianglikana, katika Mkutano wao wa Lambeth, wakakubali kwamba mwenye wake wengi anaweza kubatizwa pamoja na wake na watoto wake wanaoamini, akiahidi kutooa tena, na asilazimishwe kumwacha yeyote kwa sababu ya hali ngumu ambayo angeachwa nayo. Karibu miaka mia baada ya Rungwe.

Hapo nikapata swali ambalo nimelitumia tangu wakati huo, na nawapa bure: tafsiri hii ikishapitishwa, nani analipa? Ukikuta analipa mtu mwingine siku zote na mfasiri halipi hata senti, rudi ukasome tena sura nzima.

Chukua Malaki 3:10, leteni zaka kamili ghalani. Hakuna aya inayohubiriwa zaidi mwisho wa mwezi. Vizuri. Panda aya tano juu, 3:5. Mungu yule yule, sura ile ile, anasema atakuwa shahidi mwepesi juu ya wanaomwonea mwenye kuajiriwa kwa ajili ya mshahara wake, na mjane, na yatima. Kanisa linaloisoma ya 10 kila juma huku mlinzi wake wa usiku anadai mishahara ya nyuma, halina tatizo la tafsiri. Lina tatizo la kuanza kusoma katikati.

Na hapa naingia aina ya tatu, ambayo siiiti tofauti. Naiita upotoshaji, na sitaki unyenyekevu wetu wa dakika kumi zilizopita utumike kuifunika.

Kwa karne nyingi watu wa Ulaya na Amerika walihubiri kwamba Waafrika ni wana wa Hamu aliyelaaniwa, basi utumwa ni andiko. Fungua Mwanzo 9:25. Nuhu anamlaani nani? "Na alaaniwe Kanaani." Hamu halaaniwi mahali popote. Sura ya 10 inataja wana wanne wa Hamu, Kushi, Misri, Putu na Kanaani, na aliyelaaniwa ni yule ambaye uzao wake ulikaa Palestina. Hakukuhitajika Kiebrania kuliona hilo. Kulihitajika macho na kukosa faida. Mwenye shamba la pamba alikuwa na macho.

Tusiwacheke wa mbali. Tarehe 1 Februari 2020, Moshi, watu 20 walikanyagana wakafa uwanjani wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Andiko la mafuta tunalijua, Yakobo 5:14: mgonjwa "na awaite wazee wa kanisa, nao wamwombee, na kumpaka mafuta." Nani anatembea katika aya hiyo? Wazee. Mgonjwa amelala kwake. Mafuta yanakwenda nyumbani kwa mgonjwa, yamebebwa na watu wanaomjua jina. Hakuna uwanja, hakuna foleni, hakuna chupa ya kununua. Sisi tumegeuza, mgonjwa ndiye akimbie. Na mwaka 2023, kwa majirani zetu Kenya, msitu wa Shakahola, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioelezwa kuwa walifunga mpaka kufa ili wakutane na Yesu, watoto wakiwemo. Mengine hayo ni ya mahakama. Langu ni kuwauliza: katika kundi kubwa kiasi hicho, aliyekuwa na ruhusa ya kuinua mkono na kusema "mchungaji, tusome na aya inayofuata" alikuwa nani?

Ndiyo maana mimi siogopi wingi wa tafsiri kama ninavyoogopa chumba chenye msomaji mmoja. Petro mwenyewe, katika waraka wake wa pili, anasema katika nyaraka za ndugu yetu Paulo mna mambo magumu kuelewa. Mtume anamwona mtume mwenzake mgumu! Sasa wewe umetoka wapi na tafsiri isiyoulizwa swali? Towashi wa Kushi, Matendo 8, alikuwa na cheo, gari, na gombo lake mwenyewe la Isaya, na Filipo alipomuuliza kama anafahamu anayoyasoma, akajibu: nitawezaje kufahamu, mtu asiponiongoza? Akamsihi apande, aketi pamoja naye. Na angalia, Filipo hakumnyang'anya gombo.

Nimalizie hapo, niliambiwa dakika arobaini na mwenyekiti ameanza kukohoa. Tuchukue maswali.

Maswali yalikuwa mengi, naandika mawili.

Kijana wa Iringa aliuliza kuhusu ulanzi. Kwao bibi anakinga ulanzi kwenye mianzi asubuhi, ukiwa bado mtamu watoto wanakunywa, ukilala unakuwa mkali. Mlokole anamsomea Mithali 20:1, divai hudhihaki. Mkatoliki anamsomea Kana, na Timotheo anayeambiwa atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. "Mwalimu, ulanzi unakuwa dhambi saa ngapi?" Ukumbi ulicheka sana. Nilimwambia Biblia haimpi saa. Inamwonyesha Nuhu amelala uchi, na inamwonyesha Yesu akijaza mabalasi sita arusini, na hakuna upande wenye haki ya kuchana ukurasa wa mwenzake. Nikaongeza kwamba mimi sinywi, kwa sababu niliona mishahara ya walimu wenzangu ikiishia vilabuni, na Warumi 14 inaniruhusu kuacha kitu kwa ajili ya ndugu yangu bila kumwandikia sheria. Hakuridhika. Alitaka saa.

Wa mwisho alikuwa binti wa kwaya. Anasomea theolojia, na kila akienda likizo mzee mmoja wa ukoo anamsomea 1 Timotheo 2:12, simpi mwanamke ruhusa ya kufundisha. Nilimwambia makanisa yaliyo ndani ya ukumbi huu hayakubaliani, na asitegemee mimi niyakubalianishe saa kumi na moja jioni. KKKT liliridhia wanawake kubarikiwa uchungaji mwaka 1990, na si dayosisi zote zilianza siku moja. Roma imesema hapana, na Papa Yohane Paulo wa Pili aliirudia hapana hiyo kwa maandishi mwaka 1994, akitoa hoja ya Yesu kuchagua mitume wanaume. Hiyo ni hoja, inajibiwa kwa hoja. Lakini mzee wa likizo ni jambo jingine, maana anaanzia aya ya 12. Aya ya 8 inawataka wanaume wasali wakiinua mikono iliyotakata, pasipo hasira wala majadiliano. Ya 9 inawakataza wanawake kusuka nywele na kuvaa dhahabu, na nina hakika mke wa mzee yule amesuka. Kisha iko Warumi 16, Fibi mhudumu wa kanisa la Kenkrea, na Matendo 18, ambapo Apolo, mwanamume msomi, hodari katika maandiko, anachukuliwa na Prisila na Akila na kuelezwa njia ya Bwana kwa usahihi zaidi, na mhubiri yule hakulalamika kwamba mmoja wa walimu wake ni mwanamke.

Binti akauliza, "Sasa nikirudi Desemba nimwambieje babu?"

Nikamwambia asimjibu kitu. Ampe shikamoo, amletee kiti, amwombe asome yeye mwenyewe kwa sauti kuanzia aya ya 8 mpaka ya 15 bila kuruka, yeye amsikilize mpaka mwisho, halafu wafungue Matendo 18 pamoja.